Gorogoro ya Muthurwa na Gramu za Jikoni

Kopo ambalo Nairobi nzima huliita gorogoro lilitoka kiwandani likiwa na kilo mbili za mafuta ya kupikia, Kimbo au Kasuku au Cowboy. Mafuta yakaliwa, kopo likahamia sokoni, na zile kilo mbili zilizoandikwa ubavuni zikahama nalo. Ndiyo maana mtu akinunua gorogoro ya maharagwe Muthurwa hupanda matatu akiamini amebeba kilo mbili. Hajabeba. Kilo zile zilikuwa za mafuta. Kopo halijui uzito, linajua nafasi tu: lijaze asali na utabeba kilo tatu, lijaze omena na hutafikisha hata kilo moja.

Kwa chakula cha kila siku nyumbani, hilo halina neno. Maharagwe yakipungua, viazi vinaongezwa, maisha yanaendelea. Lakini siku unapoanza kukaanga mandazi ya kuuza, utataka kujua kila andazi limekula unga wa shilingi ngapi. Au binamu aliye Marekani atakutumia mapishi ya keki yenye vikombe vitupu, na wewe unga umeununua kwa kilo. Au utachaguliwa kununua chakula cha matanga cha watu mia, na mwenye duka akuulize: gunia, debe au kilo? Hapo inabidi ujue njia ya kutoka kwenye kopo hadi kwenye mizani, na ya kurudi. Si njia ngumu. Inataka chupa ya maji, pakiti ambayo haijafunguliwa, kalamu, na ukijaliwa, mizani ndogo ya jikoni.

Kopo linavyojazwa

Soko la Muthurwa, kati ya Landhies Road na Haile Selassie Avenue, lilijengewa wachuuzi waliotolewa katikati ya jiji mwishoni mwa miaka ya 2000, ubavuni mwa nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Ukizunguka humo kidogo utapita vipimo vya kila namna. Nafaka ni gorogoro, ingawa wenye mizani wapo. Viazi ni ndoo. Nyanya ni fungu. Omena ni kopo. Mafuta ni ya kupimiwa, kulingana na shilingi ulizo nazo. Githeri iliyochemshwa ni kikombe. Karibu vyote hivyo hupima nafasi, na muuzaji aliyekaa pale miaka anajua jambo ambalo mnunuzi mgeni hajalifikiria: nafasi ileile inaweza kujazwa kwa namna nyingi.

Mtazame anavyopima maharagwe. Kopo analisimamisha juu ya rundo, halafu anamimina kwa kibakuli, taratibu, punje ziangukie katikati. Zikifika ukingoni haachi. Kilele kinapanda hadi zile za pembeni zianze kuteleza. Anakikumbatia kilele kwa kiganja cha kushoto, anatupia konzi moja ya mwisho, na kabla punje hazijamwagika ameshazigeuzia kwenye mfuko wako. Inaonekana ni ukarimu, na mara nyingi ni ukarimu kweli. Ila maharagwe yaliyoangushwa polepole yana mianya mingi katikati yake. Mwambie, "Mama, litingishe kidogo," na utaona kilele kikizama. Wateja wazoefu husema hivyo bila haya. Wauzaji wazoefu hucheka na kuongeza.

Tazama na kitako. Kopo la bati likigongwa chini, kitako huingia ndani, na wapo wanaoligonga makusudi. Kitako kilichopanda sentimita moja katika kopo lenye upana wa sentimita 14 hula karibu mililita 150. Kwa maharagwe hizo ni zaidi ya gramu 100, kila unaponunua. Huhitaji kugombana na mtu. Lichungulie kopo likiwa tupu, ukiona limebonyea sogea meza ya pili.

Wazee wa pwani walikuwa na neno la kuondoa ubishi huu: kipimo cha mfuto, yaani kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Katika mwongozo huu wote, nikisema kopo au kikombe, ni cha mfuto. Kilele ni zawadi. Usikiingize kwenye hesabu.

Viazi sitavihangaikia. Ndoo ya viazi vikubwa ina hewa nyingi kuliko ndoo ya viazi vidogo, na hakuna kanuni ya kukuokoa. Vitie kwenye mizani, basi. Ugomvi huo wa viazi ni wa zamani na ni mkubwa kuliko ndoo: gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo wakulima wetu huliita mukurino na Watanzania lumbesa, ndilo lililofanya kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 zitake gunia la kilo 50, si zaidi.

Lita kwanza, kilo baadaye

Siri ya kubadilisha kopo kuwa kilo ni kupitia kwenye lita. Ukijua kopo linachukua lita ngapi, na ukajua lita moja ya kitu chako ina uzito gani, unazidisha na umemaliza.

Lita za kopo utazipata kwa maji. Chukua chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, umimine koponi. Ukitumia chupa uliyojaza mwenyewe ya bomba, jaza hadi pale maji ya dukani yalipokuwa yakiishia, usifike mdomoni, kwa sababu chupa ya mililita 500 iliyojazwa mpaka shingoni hupitisha 500. Ukiwa na mizani mambo ni mepesi zaidi: pima kopo tupu, lijaze maji, pima tena. Tofauti ya gramu ndiyo mililita, kwa kuwa mililita moja ya maji ni gramu moja. Gorogoro nzima, isiyobonyea, itakuonyesha lita mbili na kitu. Haiwezi kuwa chini ya hapo. Kilo mbili za mafuta peke yake hutaka lita 2.2, maana mafuta ni mepesi kuliko maji.

Sasa uzito wa lita moja. Hizi ni takriban, kwa kipimo cha mfuto ambacho hakikushindiliwa:

Maziwa: kilo 1.03
Mafuta ya kupikia ya maji: kilo 0.92
Asali: kilo 1.4
Chumvi laini: kilo 1.2
Sukari: kilo 0.85
Mchele: kilo 0.8 hadi 0.85
Ndengu: kilo 0.8 na kidogo
Maharagwe makavu: kilo 0.75 hadi 0.8
Mahindi makavu: kilo 0.72 hadi 0.75
Karanga zilizomenywa: kilo 0.6 hadi 0.65
Unga wa ugali: kilo 0.6 na kidogo
Unga wa ngano: kilo 0.5 hadi 0.6

Jaribu na gorogoro yenye lita 2.2. Maharagwe yatakuwa kilo 1.7 hivi, mahindi 1.6, mchele 1.8. Kilele kizuri huongeza kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo anayesema gorogoro ya mchele yenye kilele chake ni kilo mbili hayuko mbali. Aliyepotea ni yule anayepima unga wa ngano kwa kopo hilo na kuuandika kilo mbili, maana ana kilo moja na robo tu.

Hesabu hii ina faida mfukoni kabla haijafika jikoni. Tuseme gorogoro ya maharagwe ni shilingi 250, na duka la pale kando linauza kilo kwa shilingi 150. Ukidhani gorogoro ni kilo mbili, unaona umepata kilo kwa 125 na unafurahi sana. Gawa 250 kwa 1.7: kilo imekugharimu 147. Bado gorogoro ina nafuu, ila ni nafuu ya shilingi tatu, na kitako kikiwa kimebonyea nafuu hiyo imeshaliwa. Kilele kikiwa kirefu, imerudi. Ndiyo maana watu wa Muthurwa hawabishani sana juu ya bei. Hubishana juu ya kilele.

Mahindi mapya ni jambo la pembeni lakini linauma. Punje yenye maji imevimba, hivyo ukinunua kwa kopo unalipia uvimbe, na ukinunua kwa kilo unalipia maji. Kiwango kinachokubalika cha unyevu katika mahindi ya kuhifadhi ni asilimia 13.5. Kwa kuwa hakuna anayetembea sokoni na mashine ya kupimia unyevu, ng'ata punje moja. Ikivunjika kwa mlio, sawa. Ikibonyea, rudisha.

Kwa wanaonunua kwa wingi, debe asili yake ni bati la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18. Mahindi ya mfuto ndani yake ni kilo 13 hivi. Likitikiswa na kupewa kilele hukaribia 15, na hapo ndipo madebe sita yanapofanya gunia la kilo 90. Ukivuka mpaka wa Namanga kuingia Tanzania utakuta wanapima kwa sado, kile kindoo cha rangi cha lita nne. Uganda watakupimia kwa tumpeco, kikombe cha nusu lita. Hesabu ni ileile: tafuta lita, zidisha.

Kikombe kimoja, usikibadilishe

Mapishi yanaposema kikombe, yanamaanisha mililita 250 katika vitabu vingi vya huku kwetu. Kikombe chako cha chai huenda ni 200, huenda ni 330. Chagua kimoja kinachozidi 250, mimina nusu ya chupa ile ya nusu lita, na pale maji yanapofika piga mstari kwa rangi ya kucha. Rangi ya kucha haitoki kwa sabuni. Kuanzia siku hiyo kikombe hicho hakinywewi chai wala hakiazimwi na jirani.

Halafu kipe uzito, na hapa huhitaji hata mizani. Kiwanda kimeshakupimia. Nunua pakiti ya sukari ya kilo moja iliyofungwa, ifungue, hesabu inatoa vikombe vingapi vya mfuto hadi kwenye mstari. Itakuwa vinne na robo tatu hivi, na 1,000 ukigawa kwa hesabu yako utapata gramu za kikombe chako, karibu 210. Fanya hivyo kwa mchele, kwa unga wa ugali, kwa chochote unachopika mara kwa mara. Andika majibu kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Orodha hiyo itakufaa kuliko orodha yoyote ya kitabuni, pamoja na hii yangu, kwa sababu imepimwa kwa kikombe chako na kwa mkono wako.

Mkono una maana kubwa, hasa kwa unga wa ngano. Fungua pakiti ya kilo mbili na uichote moja kwa moja kwa kikombe, ukikandamiza kidogo kama tunavyofanya wengi. Itaisha kwenye kikombe cha 13 hivi. Pakiti nyingine kama hiyo, uvuruge kwanza unga kwa mwiko upate hewa, ujaze kikombe kwa kijiko, ufute juu kwa mgongo wa kisu: itafika vikombe 15. Kikombe cha kwanza kilibeba gramu 150 na zaidi, cha pili kama 135. Kwa keki yenye vikombe vinne tofauti hiyo ni gramu 70 na ushei, na keki itakuwa ngumu huku ukilaumu mayai.

Anayepika chapati za nyumbani anarekebisha kwa vidole. Donge likishika mkono anaongeza unga, likipasuka anaongeza maji. Anayeuza hana nafasi hiyo, kwa sababu chapati ya leo inatakiwa ifanane na ya jana, na faida iko kwenye gramu. Kwake nashauri aachane na vikombe kabisa. Unga kilo moja, maji ya uvuguvugu gramu 580, chumvi vijiko viwili vya chai ambavyo ni gramu 12, mafuta vijiko vitatu vya mezani ambavyo ni gramu 42. Jumla ni gramu 1,634. Ukikata madonge ya gramu 100 utapata chapati 16 na kipande cha mtoto. Pima donge la kwanza kwenye mizani, la pili, la tatu. Baada ya hapo mkono unajifunza na utakuwa unapima la kuhakikisha tu. Pakiti ya kilo mbili ni chapati 32. Bei ya pakiti gawa kwa 32, ongeza mafuta ya kukaangia na makaa au gesi, na utajua kama ile shilingi unayoacha kwa kila chapati ipo au unaiota.

Maji pia yapimwe kwa mizani. Si kwa ajili ya madoido: mtungi mdogo wa kupimia, ukiutazama kutoka juu badala ya kuinama usawa wa macho, hukupotosha kwa urahisi, na kwa unga wa kilo moja hata mililita 30 za ziada hugeuza donge kuwa la kunata.

Vijiko, na vitu vidogo vyenye nguvu

Kijiko cha chai cha mapishi ni mililita 5, cha mezani ni 15. Vijiko vya nyumbani havijali hayo. Kipime chako kwa kuhesabu vinahitajika vingapi kujaza kikombe chenye mstari wa mililita 250: vya mezani vinatakiwa 16 au 17, vya chai 50. Kama kijiko chako cha chai kinafika 40 tu, ni kikubwa, na bekingi pauda yako ilikuwa inazidi siku zote.

Kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu 6. Cha sukari ni 4. Cha bekingi pauda ni 4 na kitu, cha hamira kavu ni 3. Kijiko cha mezani cha unga ni 8, cha sukari 12 au 13, cha mafuta 14. Kwa vitu hivi usiiamini mizani ya kawaida ya jikoni, kwa sababu nyingi huonyesha gramu nzima tu na chini ya gramu tano husitasita. Hamira na chumvi kidogo pima kwa kijiko cha mfuto. Unga na sukari nyingi pima kwa mizani. Yai la ukubwa wa kawaida bila ganda ni gramu 50.

Mafuta ya kuganda huuzwa kwa kilo, ya maji kwa lita, na hapo ndipo watu wanapolinganisha bei vibaya. Lita ya mafuta ya maji haifiki kilo. Ni gramu 920. Mtungi wa lita 20 una kilo 18 na nusu, upungufu kidogo. Ukitaka kujua kati ya kilo ya mafuta ya kuganda na lita ya mafuta ya maji ipi rahisi, gawa bei ya lita kwa 0.92 kwanza, ndipo ulinganishe.

Mapishi yaliyotoka mbali

Kikombe cha Marekani ni mililita 237, kidogo kuliko chetu, na Wamarekani wengi wanaoandika mapishi huhesabu unga wao kuwa gramu 120 hadi 125 kwa kikombe, uliojazwa kwa kijiko. Wakisema kipande kimoja cha siagi, ni gramu 113. Ratili yao ni gramu 454, wakia ni 28. Kuna mtego mmoja: wakia ya uzito na wakia ya vimiminika si kitu kimoja, ijapokuwa jina ni lilelile. Ya vimiminika ya Marekani ni mililita karibu 30, na ukiiona mbele ya maziwa au maji ujue ni mililita hizo, ila mbele ya unga au chokoleti ni gramu. Kwa mapishi ya Uingereza ya zamani, painti ni mililita 568. Ya Marekani ni 473. Kwenye kitabu chenye painti, angalia kwanza kimechapishwa wapi.

Kuna kipimo kingine cha nafasi ambacho kila mwaka hugeuzwa kuwa kilo, na wakazi wa Majengo ya Pumwani, mwendo wa miguu kutoka Muthurwa, wanakifahamu vizuri. Zakatul-fitri, zaka ya mwisho wa Ramadhani, ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu, na pishi ni vibaba vinne. Ni kipimo cha chombo. Misikiti ikitangaza kwa kilo, utasikia kilo mbili na nusu mahali pamoja na kilo tatu mahali pengine, na wengine hudhani mashehe wamekosana. Huenda hawakukosana. Chombo kimoja cha mchele na cha ngano na cha tende haviwezi kuwa na uzito mmoja, na anayetaja kilo tatu kwa kawaida anakuwekea akiba usije ukapungukiwa.

Kununua mizani na kuikagua

Mizani ya jikoni ya betri, inayobeba hadi kilo tano, inatosha. Tafuta yenye kitufe cha kurudisha sifuri, ili uweke bakuli, ubonyeze, kisha umimine. Kabla hujalipa ijaribu kwa kitu kilichofungwa: chupa ya maji ya nusu lita ionyeshe 500 na uzito wa plastiki, yaani 515 au 520 hivi. Pakiti ya sukari ya kilo moja ionyeshe 1,000 na gramu chache za karatasi. Jaribu vitu viwili, chepesi na kizito, kwa sababu mizani mbovu huweza kusema kweli kwenye nusu kilo na kudanganya kwenye kilo mbili. Iweke juu ya meza isiyoyumba. Juu ya kitanda au juu ya gazeti lililokunjwa itakupa majibu ya ajabu.

Mizani ya sokoni ni habari nyingine. Sheria ya vipimo ya Kenya, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa mhuri, na mnunuzi ana haki ya kuuangalia. Kwenye mizani ya kuning'iniza, tazama mshale kabla bakuli halijatiwa kitu: uwe kwenye sifuri. Ukiwa umeshasogea, mwambie muuzaji. Mara nyingi ataurekebisha mwenyewe bila neno.

Kikavu na kilichoiva

Mama anayeuza maharagwe yaliyochemshwa anakupimia kwa kikombe maji pamoja na makaa, na bei yake ni ya haki, lakini jua unachonunua. Maharagwe makavu yakiiva huongezeka uzito mara mbili na nusu hivi. Kikombe cha mililita 250 cha yaliyochemshwa na kuchujwa, gramu 170 hadi 180, kilikuwa gramu 70 kikiwa kikavu. Gorogoro moja ya kilo 1.7 inakuwa zaidi ya kilo nne sufuriani, na ni vikombe 23 au 24. Mapishi yakitaka kikombe cha maharagwe yaliyoiva na wewe una makavu, chota kidogo zaidi ya theluthi ya kikombe. Mchele nao hupanuka karibu mara tatu kwa nafasi.

Sasa ile kazi ya matanga ya watu mia. Mchele hesabu gramu 120 mbichi kwa kila mtu, maana sahani za matanga si za kupima kwa haya: kilo 12. Maharagwe gramu 70 kwa mtu, kilo saba, ambazo ni gorogoro nne zenye kilele au kilo kamili ukipata mwenye mizani. Kilo 12 za mchele ni lita 14 na nusu. Pishori ya Mwea itataka maji lita 22 hivi, anza na hizo na uwe na maji ya moto pembeni. Ukiiva wote utakuwa lita 43 au 44. Watu wengi huagiza sufuria kwa kutazama gunia, wakasahau hilo la mwisho. Usikodi sufuria moja ya lita 50, kwa sababu mchele wa chini utaungua kabla wa juu haujaiva. Kodi mbili za lita 30, na uwaulize wenyewe kama lita hizo ni za ukingoni au za kupikia.